Wapiga Bunduki na Watu wa Redio katika Ndege za Mabomu: Nani Alipaswa Kubaki Nyumbani?

Katikati ya mwaka 1943, kijana wa miaka 19 aitwaye Freeman Dyson alitoka masomoni Cambridge akapelekwa kufanya hesabu kwenye makao makuu ya Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, karibu na mji wa High Wycombe. Kitengo chake kilichambua ripoti za mashambulizi ya usiku juu ya Ujerumani: ndege ngapi zimetoka, ngapi hazikurudi, na kwa nini. Baada ya kukaa na takwimu hizo kwa muda, yeye na baadhi ya wenzake walifikia wazo ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia. Ng'oeni vibanda viwili vya bunduki kwenye kila Lancaster, ile ndege kubwa ya mabomu ya watu saba, zibeni matundu kwa bati laini, na wale wapiga bunduki wawili wabaki nyumbani. Walikadiria kwamba ndege ingeongeza kasi ya kilomita 80 kwa saa. Na hata kama hakuna ndege moja zaidi ambayo ingeokoka, kila iliyotunguliwa ingekufa na watu watano badala ya saba.

Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka themanini baadaye bado linawagawa wanaofuatilia historia ya vita vile, na mara nyingi ubishi huishia kwenye bunduki peke yake: zilisaidia au hazikusaidia? Kwangu mimi, swali hilo limekatwa nusu. Ndani ya Lancaster, mbele kidogo ya wapiga bunduki, alikaa mtu wa redio, na kazi yake ilikuwa imefungamana na yao kuliko mchoro wa ndege unavyoonyesha. Ukimwacha nje, hesabu ya Dyson inaonekana safi kuliko ilivyokuwa.

Tuanze na ukubwa wa msiba. Watu wapatao 125,000 walihudumu angani katika Kamandi hiyo kati ya 1939 na 1945. Waliokufa ni 55,573, yaani karibu 44 katika kila 100. Zamu ya kwanza ilikuwa safari 30, na katika vipindi vibaya, kama yale majira ya baridi ya 1943 kuingia 1944 ambapo Berlin ilipigwa tena na tena, aliyeimaliza alikuwa na bahati ya mtende. Chini yao nako watu waliteketea: Hamburg peke yake, Julai 1943, ilipoteza watu wapatao 40,000. Uhalali wa kupiga miji ni kesi nyingine na nzito. Hapa nauliza jambo dogo zaidi: serikali iliyoamua kuwatuma vijana hao ilitumia vizuri roho zao, au iliwapakia saba saba kwa mazoea?

Mwanzoni mwa vita kazi zote mbili alibeba mtu mmoja. Katika ndege kama Hampden na Whitley, mtu wa redio alikaa na kidude chake cha kugonga Morse, na adui akitokea anaacha redio anashika bunduki. Wengi wao walikuwa mafundi wa ardhini waliojitolea kuruka kwa posho ndogo ya nyongeza. Ilifika 1940 ndipo wakapewa cheo cha sajini na kuhesabiwa watu wa kuruka kweli kweli, na 1942 kazi hizo mbili zikatenganishwa. Wapo waliotoka mbali kuja kuifanya. Billy Strachan alivuka bahari kutoka Jamaika mwaka 1940, akaruka zamu nzima akiwa mtu wa redio na bunduki, kisha akasomea urubani.

John Hannah alikuwa mmoja wa hao watu wa redio na bunduki. Usiku wa Septemba 15, 1940, akiwa na umri wa miaka 18, Hampden yake ilipigwa juu ya Antwerp na kushika moto. Wenzake wawili waliruka kwa miavuli. Yeye alibaki, akapambana na moto kwa vizima moto, vilipokwisha akaendelea kwa daftari lake la kumbukumbu na mikono mitupu, huku risasi zake mwenyewe zikilipuka kwa joto kando yake. Rubani aliirudisha ndege. Hannah alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza. Namtaja si kwa ajili ya ushujaa tu. Bunduki yake haikufanya lolote usiku ule. Zaidi, risasi zake ziliongeza hatari. Kilichookoa ndege ni kwamba kulikuwa na mtu.

Nyuma ya bunduki zile kulikuwa na nadharia. Mwaka 1932 Stanley Baldwin aliliambia bunge la Uingereza kwamba ndege ya mabomu itapenya siku zote. Wakuu wa jeshi la anga waliamini ndege zikiruka kwa kubanana, kila moja na bunduki zake, adui ataogopa kusogea. Desemba 18, 1939, mchana wa anga safi, ndege 22 za Wellington zilikwenda kwenye ghuba ya Heligoland kujaribu imani hiyo. Kumi na mbili zilipotea. Wajerumani waliziendea kwa ubavuni, mahali ambapo bunduki za mbele na za nyuma hazikufika. Baada ya hapo Waingereza walihamia usiku, lakini walihama na vibanda vyao vya bunduki, na hapo ndipo mazoea yalipoanza kushika nafasi ya sababu.

Wamarekani waliona Waingereza hawakujaribu kwa bunduki za kutosha. Ndege yao ya mabomu, B-17, ilifikia bunduki nzito 13 na watu 10, na hata mtu wa redio alikuwa na yake, ikitokeza kwenye dari ya chumba chake. Agosti 17, 1943 walikwenda Schweinfurt na Regensburg mchana kweupe, na ndege 60 kati ya 376 hazikurudi. Oktoba 14 wakarudi Schweinfurt wakiwa na 291, na 60 nyingine zikapotea. Jioni ya siku ile ya Agosti wapiga bunduki walidai wameangusha ndege zaidi ya 280 za Wajerumani, wakati vitabu vya Wajerumani wenyewe havifikishi hata hamsini. Sidhani walidanganya. Ndege moja ikipita katikati ya B-17 kumi na mbili huku ikifuka moshi, watu ishirini wanaipiga, na kila mmoja anaapa ni yake.

Kilichowaokoa Wamarekani ni ndege za kuwasindikiza, hasa P-51, zilizopata masafa ya kufika Berlin mapema mwaka 1944. Na kuanzia katikati ya mwaka huo walianza, bila kelele, kumwacha nyumbani mmoja wa wapiga bunduki wa ubavuni. Baadaye bunduki ya chumba cha redio nayo iliondolewa kwenye B-17 mpya. Jeshi ambalo bado lilikuwa likiwasifu wapiga bunduki wake magazetini lilikuwa limeshaanza kuwapunguza.

Usiku mambo ni mengine, na hapa ndipo mzozo wenyewe ulipo.

Mpiga bunduki wa mkiani mwa Lancaster alikaa peke yake, mgongo kwa wenzake, ndani ya kibanda cha chuma na kioo kilichozunguka kwa mafuta ya presha kutoka injini ya nje ya kushoto. Injini hiyo ikifa, kibanda kinakwama. Baridi ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, naye alivaa suti iliyopashwa moto kwa umeme, ikikubali. Mwavuli wake haukuingia humo ndani; ulining'inia nyuma ya milango yake, ndani ya mwili wa ndege. Safari ya Berlin ilikula saa saba au nane. Wengi waliondoa kipande cha kioo mbele ya uso wao wakapigwa na upepo mtupu, kwa sababu doa dogo la uchafu kwenye kioo usiku linafanana na ndege ya adui iliyo mbali. Mtu anayechagua baridi ile ili aone vizuri zaidi anakuambia mwenyewe kazi yake ni ipi.

Bunduki zake nne zilikuwa za rashasha za milimita 7.7. Wawindaji wa usiku wa Kijerumani, kama Messerschmitt 110 na Junkers 88, walibeba mizinga ya milimita 20 au 30, yenye risasi za kulipuka, iliyopiga kutoka mbali kuliko rashasha zile. Juu ya hayo, anayefyatua kwanza usiku anajitangaza. Kwa sababu hiyo kulikuwa na wapiga bunduki waliomaliza safari 30 bila kumfyatulia adui hata risasi moja, na rubani wao aliwashukuru kwa hilo.

Silaha yake halisi ilikuwa sauti. Akiona kivuli nyuma, anapaza kwenye simu ya ndani kwamba rubani aitupe ndege kushoto au kulia, na papo hapo rubani anaangusha bawa, anapiga mbizi, anageuza, anapanda, anageuza tena, kama kizibuo kinavyozama kwenye kizibo. Ndege ya tani 25 na ushee ikifanya hivyo gizani ni shabaha ngumu. Marubani wa Kijerumani walieleza baada ya vita kwamba ndege iliyoanza kujirusha hivyo kabla hawajapiga mara nyingi waliiacha wakatafuta nyingine ambayo watu wake walikuwa wamelala macho wazi. Huo ndio utetezi bora kabisa wa mpiga bunduki, na angalia vizuri: hauna bunduki ndani yake.

Upande wa Dyson nao una jibu kali. Kitengo chake kilitafuta uhusiano kati ya uzoefu na kupona. Kama macho ya wapiga bunduki yanalinda, basi timu zenye safari ishirini zingepotea kidogo kuliko zenye safari tano. Katika takwimu za wakati ule uhusiano huo haukuonekana. Wazoefu walikufa kama wageni. Maana yake ni kwamba kitu kilikuwa kinawaua bila wao kukiona, na kitu hicho tunakijua sasa. Wajerumani walifunga mizinga iliyoelekea juu, wakaiita Schräge Musik, na walianza kuitumia kwa uzito tangu usiku wa shambulio la Peenemünde, Agosti 1943. Rubani wa Kijerumani alijipenyeza chini ya tumbo la Lancaster, akalingana nayo mwendo, akapiga tangi la mafuta ndani ya bawa. Mpiga bunduki wa mkiani hakuweza kuona chini vile, wala wa mgongoni. Kibanda cha tumboni, kilichokuwemo kwenye Lancaster za mwanzo, kilikuwa kimeondolewa, na mahali pale sehemu kubwa ya ndege zikawekwa kuba la rada ya H2S ya kutafutia miji.

Hata hivyo nina shaka na hitimisho lenyewe. Takwimu zilisema wapiga bunduki hawaoni kinachowaua. Dyson akasoma: basi hawana faida, waondolewe. Usomaji mwingine ulikuwepo pale pale: wageuzieni macho chini. Wakanada wa Kundi la 6 walifanya hivyo kwa baadhi ya ndege zao, wakaweka bunduki na dirisha tumboni. Tena zipo ripoti ambazo hazikufika mezani kwa mtu yeyote. Timu iliyoshtukizwa na kuuawa haikuandika kitu. Na shambulio ambalo halikutokea, kwa sababu Mjerumani aliona kibanda cha mkiani kinazunguka akaenda zake, nalo halikuandikwa popote. Ushahidi uliobaki ni wa wale waliopigwa wakarudi, na kutoka humo unaweza kujenga kesi ya upande wowote unaoupenda.

Kuhusu kasi pia. Lancaster yenye mzigo ilikwenda kilomita 340 hivi kwa saa. Ongeza 80 zile za makadirio, bado unafukuzwa na ndege zinazozidi 500. Ungemsumbua mwindaji, ungempunguzia muda wa kukupata, lakini hungemkimbia. Mosquito, ndege nyingine ya Uingereza, ndiyo iliyokimbia: ya mbao, watu wawili tu, rubani na mwongoza njia aliyeshughulikia redio pia, na ile ya mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Ilifika Berlin na bomu la kilo 1,800 na hasara yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ya Lancaster. Wanaompinga mpiga bunduki hupenda kuitaja, na wana haki, ila ile ilichorwa tangu mwanzo iwe hivyo. Lancaster iliyong'olewa vibanda isingegeuka Mosquito.

Sasa mtu wa redio. Wenzake walimtania kwa sababu bomba la joto la Lancaster lilitokea karibu na kiti chake. Yeye alitokwa jasho wakati wa mkiani anaganda. Kazi yake kwa nje ilionekana ya kukaa tu. Redio zilikatazwa kutuma, basi alisikiliza. Kila nusu saa alipokea tangazo la kundi lake na kuliandika, ili akirudi athibitishe hakusinzia. Alichukua mielekeo ya vituo kumsaidia mwongoza njia, na ndege ikianguka baharini ni yeye aliyetuma wito wa msaada hadi dakika ya mwisho, ili waliobaki ardhini wajue watafute wapi.

Mtu aliyetaka kupunguza watu angeweza kusema hata huyu ni wa ziada, mbona kwenye Mosquito kazi yake ilifanywa na mwongoza njia? Lakini tangu mwisho wa 1942 kiti chake kilianza kubadilika. Alipewa mtambo ulioitwa Tinsel. Alizungusha masafa hadi asikie sauti ya Kijerumani ikiwaelekeza wawindaji, kisha akafungua kipaza sauti kilichowekwa karibu na injini na kumwaga mngurumo wote juu ya sauti ile. Kikosi cha 101, huko Ludford Magna, kiliongezewa mtu wa nane ajuaye Kijerumani, mwenye mitambo mitatu ya kuvuruga. Mwindaji asiyesikia maelekezo ni kipofu kwa muda, na pengine dakika hizo ziliokoa ndege nyingi kuliko rashasha zote za mkiani. Sina namba ya kukuwekea hapo. Ni hukumu yangu tu.

Kisha kuna Fishpond, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoifungua kesi nzima. Ilikuwa skrini ndogo iliyounganishwa na H2S, na aliyeitazama ni mtu wa redio. Ilionyesha ndege zilizo chini ya Lancaster, mahali hasa ambapo wapiga bunduki walikuwa vipofu. Kwenye msafara wa mamia ya ndege skrini ilijaa nukta. Alichotafuta ni nukta isiyofuata mwendo wa wenzake, inayosogea haraka kuja kwake. Akiiona, ni yeye sasa anayempazia rubani aitupe ndege. Yaani mtu mwenye Morse alikuwa amechukua kazi ya mpiga bunduki bila kushika bunduki.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtangaza mshindi. Tatizo ni kwamba kila chombo kilichompa macho kilimsaliti pia kwa adui. Monica, rada ndogo ya kuonya mkiani, ililia kila ndege yoyote ikikaribia, ya adui au ya wenzao, mpaka watu wakaizoea. Baya zaidi, Wajerumani waliipata kwenye mabaki ya ndege zilizoanguka, wakatengeneza kipokezi kilichoitwa Flensburg kilichofuata mawimbi yake moja kwa moja. Waingereza hawakujua hadi Julai 13, 1944, wakati Junkers 88 ilipopotea njia ikatua Woodbridge, Suffolk, rubani akidhani yuko kwao. Walipoipima wakagundua ilikuwa ikiona Monica kutoka makumi ya kilomita. Iliondolewa haraka. H2S nayo, ambayo bila hiyo Fishpond haikuwa na uhai, ilifuatwa na kipokezi kingine, Naxos. Na kikosi cha 101, ambacho kazi yake ilikuwa kupiga kelele angani kwa makusudi, kilipoteza zaidi ya watu 1,000.

Mara nyingine alitoa taarifa nzuri na kosa likafanywa mbele yake. Usiku wa Machi 24, 1944, ndege 811 zilikwenda Berlin. Timu zilizochaguliwa zilipima upepo na watu wa redio wakatuma vipimo nyumbani, ili wastani utangazwe kwa wote. Upepo wa usiku ule ulizidi kilomita 160 kwa saa. Baadhi ya waongoza njia hawakuamini namba zao wenyewe wakazipunguza kabla ya kuzituma. Makao makuu nao hawakuamini, wakazipunguza tena. Msafara ukasukumwa na kutawanyika, ukapita juu ya mizinga ambayo ungeikwepa, na 72 hazikurudi.

Kuna hoja moja ya upande wa Dyson ambayo sijaona ikijibiwa. Wakubwa walisema vibanda haviwezi kung'olewa kwa sababu timu isiyo na bunduki itajiona uchi, moyo utaanguka. Sawa. Lakini vilipotakiwa kung'olewa kwa ajili ya kitu kingine, viling'oka. Kikosi cha 617 kilipokwenda kubomoa mabwawa ya Ruhr, Mei 1943, Lancaster zake 19 zilikuwa zimeondolewa kibanda cha mgongoni ili zibebe bomu la pekee. Kilipokwenda kuizamisha meli ya Tirpitz, Novemba 1944, kibanda kile kiliondolewa tena, kwa ajili ya mafuta na bomu la tani tano. Halifax, ndege nyingine kubwa za mabomu za Uingereza, zilizozidiwa na uzito ziliondolewa kibanda cha puani. Na Machi 1945, kabla ya kuichoma Tokyo, Jenerali Curtis LeMay aliamuru bunduki nyingi na risasi zitolewe kwenye ndege za mabomu za B-29 ili zipakie mabomu mengi zaidi ya moto, na wapiga bunduki wengine wakabaki uwanjani. Katika ndege zaidi ya 300 zilizotumwa zilipotea 14, na mjini walikufa watu wapatao 100,000. Kwa hiyo bunduki hazikuwa takatifu. Kwa ajili ya bomu ziliondoka. Kwa ajili ya kumbakiza sajini wa miaka ishirini nyumbani, hapana.

Mwenzake Dyson katika kitengo kile, Mike O'Loughlin, alipigania jambo jepesi zaidi: kupanua tundu la kurukia la Lancaster, lililokuwa na upana wa sentimita 56 tu, ambapo mtu na mwavuli wake gizani, ndege ikizunguka, alikwama. Katika Lancaster zilizotunguliwa walionusurika walikuwa kama 15 kwa kila 100. Kwenye Halifax, yenye tundu pana zaidi kidogo, kama 25. Vita vilikuwa vimekaribia kwisha bado barua zinaandikwa. Anayesema kibanda cha bunduki kilibaki kwa kuwa makao makuu yaliwajali wapiga bunduki, anieleze tundu lile.

Nami nisimame wapi? Ningeondoa kibanda cha puani na cha mgongoni kwenye Lancaster zote, si zile za kazi maalumu tu. Mtu wa mkiani ningembakiza, kwa ajili ya macho, na ningekata dirisha tumboni kabla ya kununua rada nyingine ya kupiga kelele. Mtu wa redio ningembakiza bila kusita, ila Monica ningeizima. Najua Dyson angeniuliza kwa nini nimekubali kumtoa kafara huyo mmoja wa mkiani kwa faida ambayo takwimu zake hazikuiona. Jibu langu ni kwamba ndege isiyoweza kukimbia inahitaji kuona nyuma, na usiku wa 1943 hakukuwa na chombo cha kuona nyuma ambacho hakimwambii adui ulipo, isipokuwa jicho la mtu. Ni jibu linalotosha kwa ndege. Sijui kama linatosha kwa mtu kama Andrew Mynarski, mpiga bunduki wa mgongoni kutoka Kanada, ambaye Juni 1944 alijaribu kwa shoka na mikono kumtoa mwenzake kwenye kibanda cha mkiani kilichokwama injini za kushoto zilipokufa, akashindwa, akaruka nguo zikiwaka, akafa. Mwenzake alianguka na ndege na kupona, ndiye aliyesimulia. Au George Thompson, mtu wa redio wa kikosi cha 9, aliyewatoa wapiga bunduki wote wawili ndani ya moto siku ya kwanza ya 1945, akafa wiki tatu baadaye kwa majeraha hayo.

Baada ya vita Waingereza walikuja kukubali karibu kila alichosema kijana yule wa High Wycombe. Canberra, ndege ya mabomu iliyoingia kazini 1951, haikuwa na bunduki ya kujilindia wala mpiga bunduki, na ndege kubwa zilizofuata, Valiant, Vulcan na Victor, hazikuwa nayo pia. Waliweka afisa wa mitambo ya mawimbi, mrithi wa yule wa Tinsel na Fishpond. Wamarekani walichelewa: ndege zao za mabomu za B-52 ziliendelea na bunduki za mkiani hadi 1991, ingawa juu ya Hanoi, Desemba 1972, kilichoziangusha 15 kati yake ni makombora kutoka ardhini, ambayo mpiga bunduki hana la kuyafanya.

Lakini vibanda vya zamani havikwenda moja kwa moja kwenye makumbusho. Kuanzia 1953 Uingereza ilileta Eastleigh, Nairobi, ndege za Lincoln, uzao wa Lancaster uliobaki na kibanda cha bunduki mkiani, kudondosha mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya Mau Mau. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na ndege hata moja ya kumfuata mtu kwa nyuma.